Fungu la Joto

Nakumbuka, mwanangu, sauti kabla ya kitu chochote. Ilikuwa asubuhi ya ukungu mzito, ule ukungu wa kwetu Kitahana unaolala juu ya migomba mpaka jua lichoke kuusubiri, nami nilikuwa nimeinama nikifagia chumba cha nyuma cha nyumba ya bibi yangu. Nikasikia: pyii. Nikaacha kufagia. Nikasikia tena, hafifu, kama mtu anayeita akiwa amejifunika blanketi mpaka kichwani: pyii, pyii. Nilitazama dirishani, hakuna kitu. Nilitazama darini, hakuna kitu. Sauti ilikuwa inatoka ndani ya sanduku la mbao lililosimama karibu na ukuta, na ndani ya sanduku hilo kulikuwa na mayai tu, mazima, hata moja halina ufa.

"Usifungue," akasema Kandida nyuma yangu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, macho mekundu kwa moshi wa mafuta ya taa. "Wanasemezana kabla ya kutoka. Ukifungua sasa, baridi itawaua mlangoni."

Nimeanza na sauti hiyo kwa sababu juzi nilikwenda soko la Kibondo kununua chumvi, nikamkuta kijana mmoja akisifia mashine yake ya kutotolesha mayai. Nyumbani kwake, alisema, chumbani kwake mwenyewe, vifaranga wanatoka kwa mamia. Nikafurahi. Napenda kijana anayefanya kazi. Kisha mtu akamuuliza juu ya binti anayeonekana pale kwake akishinda na kulala na ile mashine. Akacheka. "Yule? Anaangalia tu."

Damu yangu ilichemka. Magoti yangu hayanitii tena, macho yananidanganya nikitunga uzi, lakini hasira yangu haijazeeka hata kidogo. Nilirudi nyumbani bila chumvi. Basi kaa, mwanangu, wewe mwenye mashine na wewe unayetamani kuwa nayo. Kama huna pa kukaa, sikiliza ukiwa umesimama. Nataka kukuambia habari za neno hilo, "anaangalia tu," na lilivyotaka kumla mtu.

Miaka ile ya sabini tulikuwa tumehamishwa kutoka vilimani, ambako kila ukoo ulikuwa na migomba yake na makaburi yake, tukapangwa kwa mistari katika kijiji kipya, nyumba zikitazamana kama wageni waliokutana kituoni. Wazazi wangu walikuwa Tanga kwenye mashamba ya mkonge. Mimi nililelewa na bibi, mama yake baba, mwanamke mfupi, mkavu, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti isipokuwa siku hii ninayokusimulia.

Tulipohama, tulihama na kuku wetu. Kuku wa kila kilima tukawachanganya mahali pamoja, na haukupita msimu kideri kikaingia. Walikunja shingo, wakazunguka kama walevi, wakaanguka. Asubuhi zikawa hazina jogoo. Hujui ukimya wa kijiji kisicho na jogoo, mwanangu. Unaamka hujui kama umeamka. Waliobaki walikuwa mitetea wachache wenye bahati, na hao hakuna aliyetaka wakae wakiatamia. Walitakiwa watage, watage tena, ili kuku warudi.

Sasa elewa desturi yetu, maana hapo ndipo mambo yote yalipolala. Ukiwa na mayai na huna mtetea aliye tayari kuatamia, unakwenda kwa jirani, unamwazima wake. Mtetea huyo analalia mayai yako mpaka yatotoke, kisha vifaranga mnagawana nusu kwa nusu. Nusu moja ya mwenye mayai. Nusu nyingine tuliiita fungu la joto. Mtetea akiatamia hali sawasawa, hatagi, anakonda, manyoya ya kifuani yanamtoka. Joto linatoka mwilini mwa kiumbe, haliokotwi njiani. Ndiyo maana hata mtu mchoyo kuliko wote hakuwahi kubishania fungu la joto. Watu waligombania mipaka, waligombania wake, lakini si hilo.

Baba yangu mdogo, Zabroni, mtoto wa mwisho wa bibi, alikuwa fundi seremala. Siku moja alipeleka viti Kasulu, akaona kwa bwana mifugo mmoja sanduku la kutotolea mayai. Alilizunguka, akalipima kwa viganja, akarudi akaunda la kwake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na fundi naye ana haki yake: lilikuwa sanduku zuri. Kuta mbili za mbao, katikati amejaza maranda ili baridi isipite. Chini aliweka kandili, juu yake debe lililopondwa likawa bapa la kubeba joto, na bomba la bati la kutoa moshi nje ya ukuta. Ndani kulikuwa na bakuli la maji ili hewa isikauke, na pembeni matundu madogo ya kupumulia, kila moja na kizibo chake cha kigunzi. Alilileta nyumbani kwa bibi kwa sababu chumba cha nyuma kilikuwa hakina upepo.

Wanawake wakaleta mayai. Kila mmoja aliweka alama yake kwa mkaa. Mafuta ya taa walichangia. Mama Yoranda, jirani yetu mnene mcheshi, alisafiri mpaka Titye, upande wa Kasulu, kwa dada yake ambako kideri hakikufika, akarudi kwa lori la mazao amepakata kikapu cha mayai kwenye pumba za ulezi. Njia nzima, alisema, kila lori liliporuka yeye aliruka na mayai yakatulia.

Sanduku lilikuwa na kila kitu isipokuwa mtu. Zabroni hakulala nalo. Hakuna mwenye mayai aliyelala nalo. Aliyelala nalo ni Kandida.

Kandida alikuwa amevuka mpaka kutoka Burundi pamoja na watu wengi, miaka ile kwao kulipowaka. Mume wake alibaki huko kwa namna ambayo hakupenda kuisimulia, nasi tulijifunza kutouliza. Lugha yake na Kiha chetu ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo hakuwa na shida ya kusema. Shida yake ilikuwa mahali pa kusimama. Bibi alimpokea, akampa jiko letu la nje alale humo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya Kandida ilikuwa hii: alipoiomba kamati ya kijiji kiwanja, wakamjibu kwamba mkimbizi asiye na mfugo hata mmoja anaweza kuondoka usiku akaacha kiwanja kimeota nyasi. Awe na mfugo wake kwanza. Kuku wanatosha. Akionekana ana kuku wake mwenyewe, atapewa.

Umeona? Kwako kifaranga ni kifaranga. Kwake kilikuwa ardhi ya kuweka mguu.

Zabroni alipomwambia, "Dada, wewe huna mume wa kumpikia, kaa na sanduku hili," alikubali haraka mno, na mimi nilijua kwa nini. Hakuna aliyetaja malipo. Hakuna aliyedhani kuna haja. Desturi ilikuwa imekwisha kuyasema hayo kabla hatujazaliwa.

Basi akakaa. Asubuhi, mchana na jioni aligeuza mayai moja moja, alama ya mkaa juu, alama ya mkaa chini, kama mama anayembadilisha mtoto ubavu. Kupima joto, alichukua yai akaligusisha kwenye kope la jicho. Likiwa kali anazibua matundu, likiwa pole anapandisha utambi. Utambi ukitoa masizi anaukata. Zilipokuja mvua za baridi, zile zinazoshuka kutoka vilimani na upepo wake, alichukua blanketi lake, alilokuwa nalo moja tu, akalifunika sanduku. Yeye akajifunika gunia. Nilimpelekea ugali, akaula umepoa. Nilimwambia aende kisimani na wenzake apate hewa. Alikwenda mara moja, akarudi akikimbia, ndoo nusu. Wiki tatu hizo mashavu yake yaliingia ndani, na nywele zake zikanuka mafuta ya taa hata baada ya kuoga.

Na siku ile ya ukungu wakaanza kulia ndani ya maganda. Kufikia jioni sanduku zima lilikuwa linachemka kwa sauti. Kesho yake wakawa wamekauka, wamekuwa mabonge ya pamba yenye macho, wa njano, weusi, wenye michirizi. Bibi alipochungulia alifunika mdomo kwa kiganja. Nilimwona Kandida akitabasamu peke yake, ameinamia kikapu alichokuwa amekisuka kwa majani ya ulezi, kikapu kipya kabisa, chenye kifuniko.

Siku ya kugawana, wanawake walijaa chumbani na vikapu vyao. Zabroni alikuja amevaa koti. Rafiki yake Petro alikuja naye, mtu asiye na yai hata moja mle ndani, akaegemea ukuta. Zabroni akafanya kazi ya kugawa, na aligawa kwa haki, ukitazama mkono wake tu: nusu kwa mwenye mayai, nusu hapa. Nusu kwa mwenye mayai, nusu hapa. "Hapa" kilikuwa kikapu kikubwa kilichokuwa miguuni mwake. Kandida alikaa kwenye mkeka akisubiri, kikapu chake kikiwa wazi magotini. Sanduku lilipokwisha, Zabroni akanyanyua kile kikubwa, akajitayarisha kuondoka.

"Fundi," Kandida akaita. "Na fungu la joto?"

"Si hili hapa?" Akakipigapiga kikapu ubavuni.

"Hilo ni la mwenye mtetea."

"Ndivyo. Mtetea ni sanduku, na sanduku ni langu. Au wewe ulipasua mbao?"

"Oya, fundi," akasema Kandida, akikataa kwa lugha ya kwao, polepole. "Sanduku ni kiota. Mtetea ni mimi."

Kicheko kilichopasuka mle chumbani nakisikia mpaka leo.

"Haya, taga basi tukuone!" akasema Petro.

"Na jogoo wako ni nani?" akadakia mwanamke mmoja aliyekuwa karibu na dirisha, mke wa jirani yetu wa mstari wa pili. "Tutajie, tujue wa kumchinja!"

Wakacheka mpaka vifaranga wakashtuka. Kandida hakuinama. Alimtazama Zabroni tu, akisubiri, kama mtu aliyeuliza njia na anajua ameulizia mahali sahihi.

Kicheko kilimpa Zabroni nguvu. "Dada, usinikosee. Mimi nilikupa kazi ya kuangalia tu. Moto unawaka wenyewe. Maji yanakaa bakulini yenyewe. Hata mayai hukuyataga. Wewe uliangalia. Macho yakiangalia, yanalipwa nini?"

Umesikia, mwanangu? Ni maneno yale yale ya kijana wa sokoni. Miaka yote hii imepita, barabara imepita, nguzo za umeme zimepita, na maneno hayo bado yana meno.

Hapo Zabroni akaona uso wa bibi. Bibi alikuwa amebana midomo kwa namna ambayo wanawe wote waliijua tangu utotoni. Zabroni akacheka kidogo, akaingiza mkono kikapuni, akatoa vifaranga watatu. Nilimwona akichagua, aliwaacha wenye nguvu, akachukua wale wanaosinzia.

"Mimi sina roho mbaya," akasema. "Chukua hawa. Nakugabira."

Wanawake wakatazamana.

Wewe utashangaa kwa nini. Utaona mtu anatoa zawadi, sasa nini? Lakini kwetu, upande huu wa mpaka na upande ule, kugabira kulikuwa na historia yake. Zamani mwenye ng'ombe wengi alimgabira maskini ng'ombe mmoja. Maziwa anywe, samadi atumie. Na tangu siku hiyo maskini yule ni mtu wake: anamlimia kwanza kabla hajalima kwake, anamjengea ua, anakwenda akiitwa, na ndama akizaliwa haendi popote bila ruhusa. Kamba haikuwa shingoni mwa ng'ombe. Ng'ombe walipopungua, desturi ikashuka kwa mbuzi, ikashuka kwa kuku, na watu wenye tamaa wakaipokea kila iliposhuka. Serikali ilikuwa imesema mambo hayo yamekwisha. Lakini jambo linaweza kukatazwa ofisini likaendelea kupika chungu chake mashambani.

Kandida aliijua kamba hiyo, kwa sababu kwao ilikuwapo, na ilikuwa nene zaidi. Angepokea wale watatu, kuku wake wangekuwa kuku wa Zabroni. Kamati ingesema: huyu yuko kwa Zabroni, kiwanja cha nini? Msimu wa kwanza wa mvua angeitwa na jembe lake. Kwa vifaranga watatu wanaosinzia, angenunuliwa mzima.

Mimi, kwa ujinga wa umri wangu, nilimwinamia sikioni. "Dada, pokea. Haba na haba hujaza kibaba."

Bibi alinisikia. "Wewe mtoto," akasema, "unamsaidia mwenzio kuvaa kamba? Nyamaza. Usimpe mtu ushauri kwa kutazama idadi. Tazama mkono unaotoa, umeshika nini nyuma."

Sijapata kusahau karipio lile. Kila mara ninapopewa kitu, natazama mkono wa pili.

Kandida aliiacha mikono yake magotini. "Kama ni fungu, fundi, nipe fungu langu. Kama ni zawadi, sikuomba."

"Maskini jeuri!" akasema Petro.

Na hapo bibi akasimama. Mwanangu, alikuwa mfupi, nimekwisha kukuambia, lakini nakuapia chumba kilipungua.

"Zabroni," akasema, "nyumba uliyozaliwa ilijengwa na baba yako. Yeye ndiye aliyekata miti, yeye ndiye aliyeezeka. Ilikuwa nyumba nzuri. Sasa niambie, nisikie kwa masikio yangu: aliyekubeba tumboni ni nyumba?"

"Mama, hayo ni mengine."

"Ni hayo hayo! Na mimi pia basi niliangalia tu. Wewe uliota mwenyewe kama uyoga. Miezi yote ile nilikuwa nakaa, naangalia!" Sauti yake ilipanda, ikapasuka, akaiacha ipasuke. "Mwizi akichukua mbuzi wa mtu anakimbia. Ana aibu yake, tunamtambua kwa mgongo. Wewe umechukua mbuzi mzima, unamrudishia mwenyewe mkia, halafu umesimama hapo kwenye koti lako unangoja akupigie magoti! Unamgabira mtu jasho lake mwenyewe? Nani alikufundisha? Si mimi. Maziwa yangu hayakuwa na hilo."

"Unaniaibisha mbele za watu," akasema Zabroni, "kwa ajili ya mkimbizi."

"Nakuaibisha kwa ajili yako. Yeye aibu hana, ataipata wapi? Hakumla mtu."

Akawageukia waliokuwa wakicheka. "Na ninyi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mnalijua, mnaliimba. Mlimpa jembe, akalishika. Sasa nani kati yenu alifundishwa na mama yake kwamba siku ya mavuno mgeni afungwe mikono? Mmetoka vilimani juzi tu, mmepangwa hapa kwa mistari, hakuna aliyewauliza, kila jioni mnalia kwamba mlinyang'anywa. Na hamjakaa hata mkakaukiwa machozi, mmekwisha kupata wa kumnyang'anya!"

Nje mtu alikuwa anatwanga, tukahesabiwa aibu yetu kwa mchi.

Mama Yoranda ndiye aliyesogea kwanza. Akajivuta na mwili wake mkubwa mpaka kwenye kikapu cha Zabroni, akainama akihema. "Shemeji fundi, niwie radhi," akasema, na akaanza kuokota. "Hawa wangu nilikuachia nikidhani naacha fungu la joto. Nimekosea mtu. Tulia wewe, usinidonoe, nimekutoa Titye mimi." Alipowamaliza akawamimina kwenye kikapu kipya magotini mwa Kandida. "Fungu lako hilo. Na usiniambie ahsante, utaniharibia."

Kandida hakusema ahsante. Alicheka, cheko fupi lililomtoka kama kikohozi, akafunika vifaranga kwa viganja.

Wengine wakafuata, mmoja mmoja, macho chini. Yule aliyeuliza habari za jogoo alikawia kuliko wote, akaja mwisho, akaweka vifaranga wake kikapuni bila kumtazama mtu. Mmoja alikataa kabisa. Zabroni alikuwa amemposa mdogo wa mwanamke huyo, naye hakutaka kuharibu. Nisikudanganye kwamba watu wote waliongoka siku moja. Na bibi, ambaye hakutaka haki ya mtu ilale nje, akasema kiota nacho si bure, kila mwenye mayai atoe kifaranga mmoja kutoka nusu yake ampe fundi. Wakatoa. Zabroni akawapokea. Hakukanyaga kwa mama yake mpaka mahindi yalipokomaa, na alipokuja alikuja na kiti kipya, akakiweka barazani, akaongea habari za mvua.

Kandida alilea kuku wake. Mwewe alichukua baadhi, baridi ikachukua wengine, waliobaki wakawa kuku. Alipokwenda kwenye kamati wakatafuta sababu nyingine, wakakosa, wakampa kiwanja. Si kule bondeni alikoomba, bali juu, kwenye mawe. Mimi nilikasirika nikalia. Yeye aliokota jiwe moja, akaligeuza mkononi, akasema, "Hili nalo ni langu."

Sasa wewe, mwanangu.

Sina ugomvi na mashine yako. Iwe ya taa, iwe ya umeme, iwe inageuza mayai yenyewe kama mnavyojisifu. Tutotoleshe, tujaze mabanda, tule mayai mpaka tusahau kideri. Lakini usiniambie kwamba ndani ya nyumba yako hakuna mtetea. Umeme ukikatika nani anaamka akaleta chupa za maji ya moto? Nani anaosha trei, anatoa mayai yaliyooza yakimpasukia mikononi? Nani hajakwenda harusi ya nduguye kwa sababu ni siku ya kutotoa? Umempa jina la mwangalizi ili usimpe jina la mwenzako. Huo ndio ujanja wenyewe, na ni mzee kuliko wewe, usidhani umeubuni.

Nakushauri hivi, na nakushauri kwa ukali kwa sababu upole nimeujaribu. Kabla yai la kwanza halijaingia, taja fungu la joto, ulitaje mbele ya watu, ulitaje kwa kiasi kinachojulikana. Siku ya kugawa, lianze kutoka hilo kabla ya lako, maana anayejigawia kwanza macho yake huwa yamekwisha kushiba, hayaoni tena. Usimpe mtu haki yake kwa mkono wa zawadi. Ukifanya hivyo umemwibia mara mbili, mali yake na uso wake. Usimtishe kwa sababu ametoka mbali, kwa sababu hana kwao, kwa sababu ana njaa. Njaa ya mtu si mtaji wako.

Na wewe binti uliyekaa na mashine ya watu, ukiwa unanisikia: ukiitwa kupokea kilicho chako, nyoosha mgongo. Uliza kwa upole, uliza mara ya pili bila upole. Kukataa vifaranga watatu si jeuri ikiwa unakataa kamba. Na wewe uliyesimama pembeni, ambaye mali si yako na jasho si lako, usicheke. Kicheko chako ndicho kinachompa mnyang'anyi ujasiri. Inama uokote ulichoweka mahali pabaya, ukiweke mahali pake, hata kama umechelewa, hata kama ni shemeji yako.

Baraka ninayokupa sikuitunga mimi. Niliisikia asubuhi Kandida alipohama kutoka jikoni kwetu kwenda kwenye kibanda chake cha juu, kule kwenye mawe. Bibi alichovya vidole katika maji, akamnyunyizia utosini, akasema: "Nenda, mwanangu. Ulale usingizi usio wa kuazima. Mkono wako ushibe kilichotoka mkononi mwako. Anayekuja kwako na baridi akute moto, na asiondoke akiwa na deni la moto huo. Uzao wako usijue kamba, wala usiisuke kwa ajili ya wengine." Nami nakunyunyizia maneno hayo hayo, neno kwa neno, yapokee hata kama nimekukemea, maana ninayemkemea ndiye ninayemtakia heri.

Kandida akaitika kwa lugha ya kwao, "Ego, mama." Akakunja mkeka wake, akalitupia blanketi begani, akajitwisha mzigo, akatazama jiko lile mara moja, jivu na mafiga na ukuta mweusi. Kisha akainama akatoka, akauvuta mlango nyuma yake, nasi tukasikia nje nyayo zake zikipanda mlima.